Kusawazisha rangi za monita: hali ya sRGB, macho yako, au kipima rangi?

Picha ya bibi harusi inapendeza kwenye skrini. Ngozi ina uhai, shela jeupe linang'aa, suti nyeusi ya bwana harusi inaonyesha kila mshono. Inaporudi kutoka kwa mchapishaji, suti imekuwa doa moja jeusi na nyuso zimezama gizani. Lawama humwangukia mchapishaji, lakini mara nyingi kosa liko mezani kwa aliyehariri. Monita yake inawaka vilevile ilivyotoka kiwandani, mwangaza 100, na kwa kuwa kila kitu kilionekana cheupe mno, akaipunguzia mwanga picha ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Monita hurekebishwa kiwandani ipendeze dukani, chini ya taa kali, ikiwa imepangwa pamoja na nyingine nyingi. Ndiyo maana huja na mwangaza mkubwa, weupe unaoelekea bluu, na rangi zilizokolezwa. Kuirudisha mahali panapofaa kwa kazi kuna njia tatu: kutumia hali ya sRGB (kiwango cha rangi cha picha nyingi za intaneti) aliyoiweka mtengenezaji, kurekebisha kwa mkono ukitumia macho, au kupima kwa kifaa maalumu kiitwacho kipima rangi.

Tuanze na jibu, maelezo yafuate. Kama kazi yako ni maandishi, masomo, uhasibu, au picha za kuweka mitandaoni, chagua hali ya sRGB, shusha mwangaza, uendelee na kazi zako. Kama monita haina hali hiyo, au unazo mbili zinazopishana weupe, rekebisha kwa mkono, ila ishia kwenye mwangaza na weupe tu. Kama kuna mtu anakulipa kwa ajili ya rangi, nunua au azima kipima rangi. Hapo macho hayatoshi, hata yawe mazuri namna gani.

Maneno ya menyu tunayaandika kama yanavyoonekana kwenye skrini, maana monita nyingi hazina menyu ya Kiswahili.

Kabla ya yote: rangi zinafika salama?

Njia zote tatu zinakwama kama kinachofika kwenye monita tayari kimeharibika njiani. Watu wengi hupoteza saa nzima kwenye menyu wakati tatizo liko kwenye kebo.

Kwenye HDMI, kasoro inayosumbua zaidi ni mfumo wa namba. Kompyuta huhesabu rangi kuanzia 0, yaani nyeusi, hadi 255, yaani nyeupe. Vifaa vya televisheni hutumia 16 hadi 235. Kadi ya picha ikiidhania monita kuwa televisheni, inatuma 16 hadi 235 wakati monita inasubiri 0 hadi 255. Nyeusi inageuka kijivu cha majivu, nyeupe inakosa nguvu, na mtu anaanza kuhangaika na kontrasti bila mafanikio. Ikiwa kinyume, yaani kompyuta inatuma yote na monita inasubiri kidogo, sehemu za giza zinazama kabisa na mawingu yanaungua. Kwa kadi za NVIDIA, fungua NVIDIA Control Panel, ukurasa wa Change resolution, uweke RGB na Output dynamic range iwe Full. Kwa AMD, tafuta Pixel Format na uchague RGB 4:4:4 iliyo Full. Kwa Intel, tafuta Quantization Range na uweke Full. Kisha tazama menyu ya monita yenyewe, ambako mara nyingi mpangilio huo huitwa HDMI Range au HDMI Black Level, na uhakikishe pande mbili zinakubaliana. Anayetumia DisplayPort hukutana na tatizo hili kwa nadra.

Kama unatumia televisheni badala ya monita, badilisha jina au aina ya ingizo la HDMI liwe PC. Usipofanya hivyo, televisheni nyingi hupunguza taarifa za rangi, na herufi nyekundu kwenye mandhari nyeusi zinaonekana kama zimelowa maji.

VGA bado ipo sana, hasa kwenye monita za mtumba zinazotoka maofisini Ulaya na kuuzwa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala. Ni njia ya analogi, kwa hiyo kila rangi ina waya wake, na pini ikipinda rangi yake hupotea. Ukiona nyeupe imekuwa njano, bluu haifiki: chomoa kebo uangalie pini ya 3. Nyeupe ikiwa ya zambarau-pinki, kijani haifiki, nayo ni pini ya 2. Nyeupe ikiwa bluu-kijani, nyekundu haifiki, pini ya 1. Hakuna mpangilio wa menyu utakaorudisha rangi isiyofika. Pini ya 12 au 15 ikikatika, kompyuta hushindwa kuitambua monita na kukunyima mwonekano wake halisi, ukajikuta kwenye 1024×768 bila sababu ya wazi. Kebo ikiwa nzima, fungua ukurasa mweupe uliojaa hadi kingo zote nne ndipo ubonyeze kitufe cha Auto. Ukikibonyeza wakati mandhari ni nyeusi, monita haioni kingo za picha na huisogeza vibaya.

Baada ya hapo weka mwonekano halisi wa paneli, kwa mfano 1920×1080, na uzime kila kinachobadilisha rangi kimyakimya: Night light kwenye Windows, Night Shift na True Tone kwenye Mac, na ndani ya menyu ya monita Dynamic Contrast, Eco, Low Blue Light na chochote kinachojisifu kuongeza rangi. Zima pia HDR (hali ya kupanua tofauti ya mwanga na giza) kwenye Windows unapofanya kazi ya kawaida. Monita nyingi za bei nafuu zina cheti cha HDR bila kuwa na taa ya nyuma inayojipunguza sehemu kwa sehemu, na zikiwashwa hali hiyo hupausha picha za kawaida na kukufungia vitufe vya rangi.

Hali ya sRGB: dakika mbili, na kwa wengi inatosha

sRGB ni makubaliano ya rangi yaliyopendekezwa na HP na Microsoft mwaka 1996 na kupitishwa kuwa kiwango cha kimataifa cha IEC mwaka 1999. Yanasema nyekundu, kijani na bluu ziwe zipi hasa, nyeupe iwe ya karibu kelvini 6500 (kipimo cha weupe: namba ikipanda, weupe unaelekea bluu), na mwinuko wa mwanga kutoka giza hadi nuru, yaani gama, uwe karibu 2.2. Picha nyingi mno za intaneti zimetengenezwa kwa makubaliano hayo. Monita iliyo kwenye sRGB ya kweli inakuonyesha kile alichokusudia aliyetengeneza picha.

Fungua menyu, ingia Color au Picture Mode, chagua sRGB. Kisha nenda kwenye Brightness, ukiruhusiwa, ushushe.

Umuhimu wa hali hii umeongezeka kwa sababu ya monita zenye wigo mpana, zile zinazotangazwa kuwa na asilimia 90 au 95 ya DCI-P3, kiwango cha rangi cha sinema kilicho kipana kuliko sRGB. Nyekundu yao ni nyekundu zaidi ya ile ya sRGB. Namba 255 ya nyekundu ikitumwa bila maelezo, monita ya wigo mpana inatoa nyekundu yake ya mwisho, inayowaka kupita ilivyokusudiwa. Uso wa kahawia unageuka rangi ya matofali, na majani ya mgomba yanang'aa kama plastiki. Mac husimamia rangi za mfumo mzima, kwa hiyo tatizo huonekana kidogo. Kwenye Windows kila programu hujitegemea: Photoshop na vivinjari vikubwa husoma profaili ya monita, yaani faili inayoeleza inatoa rangi zipi, lakini mandhari ya dawati na programu nyingi ndogo hazisomi. Matokeo ni kwamba picha ileile inakuwa na rangi mbili tofauti kwenye madirisha mawili. Hali ya sRGB huibana monita isitoke nje ya mipaka, na kila programu inakuwa sawa.

Mtego mmoja hapa huwanasa hata wenye uzoefu. Ukishachagua sRGB kwenye menyu, usiiache Windows ikiwa na profaili ya wigo mpana iliyokuja na dereva wa monita. Photoshop itaamini monita ina rangi kali na itazipunguza, huku monita yenyewe ikiwa imeshazibana. Rangi zitapungua mara mbili na ngozi itaonekana kama ya mgonjwa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika colorcpl, chagua monita husika, weka alama ya kutumia mipangilio yako, na uifanye sRGB IEC61966-2.1 kuwa profaili ya kawaida.

Udhaifu wa njia hii ni vitufe kufungwa. Monita nyingi zikiwa sRGB hazikuruhusu kugusa Red, Green na Blue, na baadhi hufunga hata Brightness, tena ikiwa juu. Kama mwangaza umefungwa na unakuumiza macho jioni, hali hiyo haikufai hata kama rangi zake ni sahihi. Tatizo la pili liko kwenye monita za bei ya chini kabisa, ambako sRGB ni jina tu lililobandikwa kwenye mpangilio wa kawaida. Monita ikija na karatasi ya vipimo vya kiwandani iliyochapwa kwa namba ya monita hiyohiyo, hiyo ni dalili nzuri kwamba kuna mtu aliipima kweli.

Mkono na macho: njia yenye mipaka yake

Jicho la binadamu ni hodari wa kulinganisha vitu viwili vilivyo kando kwa kando, lakini halikumbuki rangi. Kaa dakika kumi mbele ya skrini yenye weupe wa bluu na ubongo utaiita nyeupe. Irudishe kwenye kelvini 6500, mara moja utaiona ya njano na utataka kuirudisha ilipokuwa. Kwa sababu hiyo tunashauri kutumia macho pale tu penye kitu cha kulinganisha nacho, na kuacha yale yasiyokuwa nacho.

Washa monita nusu saa kabla ya kuanza, hasa ikiwa ya zamani yenye taa za mirija badala ya LED, maana taa hizo hubadilika zikipata joto. Funga pazia. Jua la saa tisa alasiri likipiga ukutani nyuma yako, chochote utakachopanga kitakuwa kibaya ikifika jioni.

Anza na mwangaza. Chukua karatasi nyeupe ya A4, ishike kando ya skrini iliyofungua ukurasa mtupu, ikipigwa na taa unayofanyia kazi kila siku. Shusha Brightness hadi ukurasa na karatasi viwe na nguvu moja. Jicho linaweza hili vizuri sana, kwa kuwa linalinganisha. Karatasi iliyo kwenye meza yenye mwanga wa luksi 450 hivi (kipimo cha mwanga unaoangukia kitu) hurudisha karibu niti 120 (kipimo cha mwangaza unaotoka kwenye kitu), na hiyo ndiyo namba inayotumika sana kwa kazi za picha ofisini. Monita ya kawaida hutoa niti 250 hadi 350 ikiwa kwenye 100, kwa hiyo usishangae namba yako ikiangukia kati ya 20 na 40. Wengi huona giza siku ya kwanza. Ipe siku mbili.

Kontrasti iache ilipokuwa kiwandani, kisha ijaribu. Unahitaji picha yenye vipande vya kijivu vilivyo karibu na nyeupe: 250, 251, 252, 253, 254 juu ya 255. Kurasa za majaribio za tovuti ya Lagom zinazo, bure. Vipande vya mwisho visipoonekana, shusha Contrast hatua mbili mbili hadi angalau 253 ijitokeze kwa shida. Kupandisha Contrast ndiko kunakoliunguza shela: mikunjo ya kitambaa ina namba 245 hadi 254, na monita ikiigeuza yote kuwa nyeupe moja, mhariri anadhani kamera ndiyo iliyoiunguza. Upande wa giza, tazama vipande vya namba 1 hadi 12 juu ya nyeusi, chumba kikiwa na mwanga mdogo. Ukianza kuviona kuanzia 3 au 5, hali ni njema. Kama hata 12 haionekani, rudi ukakague mfumo wa HDMI ulioelezwa juu kabla ya kugusa kitu kingine. Nywele nyeusi, suti na ngozi yenye weusi mwingi vyote vimeishi huko chini, na monita inayozamisha giza inakudanganya hasa kwenye sura za watu wetu.

Kisha weupe. Kwenye Color Temp chagua 6500K au Warm, uone inavyolingana na kitu unachokiamini, kwa mfano monita nyingine iliyopimwa. Ukilazimika kuingia User au Custom, kanuni ni moja: punguza, usiongeze. Acha angalau rangi moja kati ya tatu ibaki pale juu, kwa kawaida 100, ushushe zile zinazozidi. Nyeupe ikielekea bluu, shusha Blue kwa hatua mbili, subiri sekunde chache, tazama tena. Ukipandisha kila kitu unaunguza nyeupe, na ukishusha zote tatu unapoteza kontrasti bure, kwani nyeusi haishuki pamoja nazo.

Gama kwa macho ndipo njia hii inapoanza kuvunjika. Windows ina kifaa chake: Windows na R, andika dccw, ufuate hatua. Kinafaa kugundua kasoro kubwa. Lakini marekebisho yake hufanyika kwenye kadi ya picha, ambayo kwa kawaida hutoa ngazi 256 kwa kila rangi. Ukishusha bluu hapo hadi asilimia 80, zinabaki ngazi kama 204, na anga lililokuwa linafifia taratibu linaonyesha michirizi. Punguza rangi kwenye menyu ya monita kwanza, ambako kwa kawaida hesabu hufanyika kwa ngazi nyingi zaidi, na kiachie dccw kidogo kilichobaki. Kwa paneli za TN (moja ya aina tatu za kawaida za skrini za LCD, pamoja na VA na IPS) usijisumbue na gama kabisa: inua kichwa sentimita kumi tu, jibu linabadilika. Paneli za VA nazo hufanya giza la katikati lionekane zito kuliko la pembeni. Kati ya hizo tatu, ni IPS pekee inayokupa jibu moja ukiwa umekaa kawaida.

Usipige skrini kwa simu ili kulinganisha rangi. Kamera ya simu hurekebisha weupe yenyewe na kuficha kile unachokitafuta.

Kipima rangi: pale rangi inapokuwa mkate

Kifaa hiki huwekwa juu ya skrini, programu huonyesha rangi moja baada ya nyingine, chenyewe kinasoma mwanga uliotoka. Kinafanya kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni kusawazisha: kuifikisha monita kwenye mwangaza, weupe na gama uliyotaka. Ya pili ni kuandika profaili ya ICC, faili inayoziambia programu monita hii inatoa rangi zipi hasa. Hali ya sRGB hukupa la kwanza kwa makisio ya kiwandani, macho hukupa nusu yake, ila la pili hulipati pasipo kipimo.

Majina mawili yametawala soko: Calibrite, iliyochukua vipima vya wapiga picha vilivyokuwa vya X-Rite, na Datacolor yenye Spyder. Kipya kwa kawaida huanzia zaidi ya dola 100 za Marekani. Si lazima kila mtu awe nacho: monita hupimwa mara moja kwa mwezi au miezi miwili, hivyo studio tatu za mtaa mmoja zinaweza kuchangia kimoja. Programu ya DisplayCAL, inayotumia injini ya ArgyllCMS, ni ya bure na inakubali vipima vingi. Kuwa mwangalifu na vipima vya zamani sana vya mitumba. Vichujio vya rangi vya baadhi yao huchakaa kwa umri na unyevu, na kipimo kilichochakaa ni kibaya kuliko macho, kwa sababu unakiamini.

Malengo ya kuanzia: niti 120, kelvini 6500, gama 2.2. Chumba chenye mwanga hafifu, niti 80 hadi 100. Rudisha monita kwenye mipangilio ya kiwandani, chagua User au Custom ili vitufe vifunguke, iache iwake nusu saa. Katika programu, chagua aina ya taa ya nyuma kabla ya lolote. Hapa ndipo vipimo vingi vinapoharibika. Monita ya LED nyeupe, ya mirija, na ile ya wigo mpana yenye fosfori ya PFS (kemikali ya taa inayotoa nyekundu kali) hutoa mwanga wenye mchanganyiko tofauti, na kipima kisichoambiwa ukweli kitakupa weupe wenye ukijani au upinki, huku programu ikisema kila kitu ni sahihi. Tafuta aina hiyo kwenye karatasi ya maelezo ya monita.

Laza skrini nyuma kidogo, kipima kigandane nayo bila mwanya. Mwanga wa dirisha ukipenya chini yake, nyeusi itasomeka kuwa kijivu. Programu itakuonyesha pau tatu, nyekundu, kijani na bluu; punguza kwenye menyu ya monita hadi zilingane katikati, kisha mwangaza hadi 120. Baada ya hapo kaa mbali na uache ipime, dakika kumi au zaidi kulingana na ubora uliochagua. Mwisho endesha uhakiki. Wastani wa tofauti ya rangi, unaoandikwa ΔE, ukiwa chini ya 2, monita iko vizuri. Ukibaki juu ya 4 baada ya majaribio mawili, paneli ndiyo iliyofika mwisho wake.

Siku nyingine rangi zikirudi ghafla za zamani baada ya kompyuta kuamka usingizini, programu inayopakia marekebisho kwenye kadi ya picha haijawaka. Iwashe upya kabla ya kupima upya. Na ukishapima, usiguse tena kitufe chochote cha monita: profaili ni picha ya hali ile, na ukibadilisha Brightness au Color Temp, unabaki na picha ya monita isiyokuwepo.

| | Hali ya sRGB | Mkono na macho | Kipima rangi |
|---|---|---|---|
| Muda | Dakika 2 | Dakika 30 hadi 60 | Saa moja mara ya kwanza |
| Mwangaza | Ukifunguliwa tu | Vizuri, kwa karatasi | Kwa namba |
| Weupe | Kama alivyopanga mtengenezaji | Penye cha kulinganisha | Sahihi |
| Gama | Kama alivyopanga mtengenezaji | Kasoro kubwa tu | Sahihi |
| Profaili ya ICC | Ya jumla | Hakuna ya kuaminika | Ya monita yako |
| Inapokwama | Vitufe kufungwa | Ubongo kuzoea | Aina ya taa kukosewa |

Monita mbili, au laptopu na monita

Kuweka namba zilezile kwenye monita mbili hakuzifanyi zifanane, hata zikiwa za aina moja na zimenunuliwa siku moja. Taa huzeeka tofauti. Weka ukurasa mweupe kwenye zote, linganisha mwangaza kwanza kwa kushusha ile kali, halafu weupe. Laptopu nyingi hazina vitufe vya Red, Green na Blue, kwa hiyo monita ya nje ndiyo inayoifuata laptopu. Hapa macho yana haki kuliko kipima: taa za aina tofauti zinaweza kupimwa kuwa na weupe mmoja na bado zikaonekana tofauti. Zisawazishe kwa kipima, kisha maliza hatua mbili tatu za mwisho kwa jicho, na rangi muhimu uziamulie kwenye skrini moja tu.

Ukiwa dukani kununua ya mtumba

Omba ukurasa mweupe uliojaa skrini. Ikiwa weupe una unjano hata kwenye 6500K na mwangaza wa 100 haukupi karaha, huenda taa zake zimechoka, na hakuna njia kati ya tatu itakayozifufua. Kijivu cha katikati, namba 128, ndicho kinachofichua mabaka na pembe zenye upinki. Tazama kutoka chini: rangi zikipinduka, hiyo ni TN, iache kama utahariri picha. Uliza pia kama ina DisplayPort, usiridhike na VGA peke yake.

Kwa wanaochapisha

Wengine wote wanaweza kuishia hapo juu. Anayepeleka picha au vipeperushi kuchapwa aombe kwa mchapishaji profaili ya ICC ya mashine na karatasi yake, aitumie kuonja matokeo kwenye skrini kabla ya kutuma. Wachapishaji wengi hawatakuwa nayo. Basi chukua picha moja yenye uso, nguo nyeupe, nguo nyeusi na ukanda wa kijivu, ipeleke ichapwe ukubwa wa 10×15 bila mashine kuongeza marekebisho yake yenyewe, kisha ishike kando ya skrini chini ya taa nyeupe nzuri au kivulini mchana. Rangi zikilingana ila karatasi ina giza kidogo, shusha monita kwa niti 10 au 15, ipime upya, uchapishe tena, na faili ya picha uiache kama ilivyo.